Siku Moja na Udi: Mombasa Hadi Malindi

Saa kumi na mbili asubuhi, Kibokoni, Mombasa. Kabla ya chai naufungua udi, ala yangu ya nyuzi ya kupigia taarab, niuguse vigingi vya kukazia nyuzi. Huu ni mwezi wa mlisho, yaani Shaabani. Ramadhani ikiingia hakuna harusi wala taarab, kwa hivyo watu wanaharakisha kuoza na sisi wapigaji kulala majumbani mwetu ni nadra. Leo ni Malindi, kama kilomita 120.

Udi wangu una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene wa besi. Unyevu wa pwani huingia kwenye ubao, na sauti uliyoiacha jana usiku asubuhi huikuti. Nasawazisha polepole, jozi kwa jozi.

Saa nne tunapakia nissan ya kukodi: spika, kinanda, ngoma ya dumbaki, jenereta. Mizigo mingine juu ya keria, udi naupakata.

Foleni ya Kongowea, kisha Bamburi, Mtwapa. Njiani ndiko tunakofanyia mazoezi. Mwimbaji wetu ana shairi jipya, kila mstari mizani 16, unakatika nane kwa nane. Pale unapokatika ndipo udi hujibu.

"Kaka, hapo usinikimbize. Niachie neno lifike."

Ana haki. Watu wa Malindi wanakuja kusikiliza maneno, na mpigaji anayeyafunika kwa mbwembwe za vidole amewanyima walichokifuata. Tunarudia ubeti ule ule mpaka Kilifi. Pale darajani ami wa dumbaki anatukumbusha kwamba kabla ya 1991 mkondo huo ulivukwa kwa feri.

Saa tisa tumefika. Kufunga vyombo, kuvuta nyaya, kula, kuswali.

Siku hizi vikundi vingi vimeacha udi vikabaki na kinanda. Naelewa: kinanda hakilegei kwa unyevu, na mtu mmoja anajaza ukumbi. Lakini bayati na rasti, mahadhi ya Kiarabu tunayoyapiga, zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili, na kinanda cha kawaida hakizifikii. Udi hauna vipingo vya kugawa sauti shingoni, kidole kinaziokota kwa sikio. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake Mombasa, alitupa ushahidi wa kutosha kwamba udi unaweza kulibeba shairi la Kiswahili. Mimi sitauacha.

Saa tatu usiku naanza taksimu, ule utangulizi wa udi wa kubuni papo hapo, peke yangu, bila ngoma. Kelele za viti zinapungua. Mwimbaji anaingia, na kwenye ubeti wa tatu mama mmoja wa makamo anainuka na noti mkononi, anakuja jukwaani taratibu huku macho yake yako kwa mtu wa safu ya nyuma. Fumbo limempata mwenyewe. Tunaurudia ubeti mara ya pili, ya tatu, na kina mama wengine wanainuka. Kwa saa kama hizi napenda kazi hii kuliko kitu chochote.

Saa saba tunafungua vyombo. Ndani ya gari hesabu: kwanza dereva na mafuta, kisha jenereta, kinachobaki kinagawanywa sawa. Tuzo, zile noti za jukwaani, pia kwetu huingia chungu kimoja.

Alfajiri niko nyumbani. Uzi mmoja wa juu umekatika, na uzi mpya huchukua saa nyingi kutulia. Naufunga sasa hivi kabla sijalala, maana mchana tunavuka Likoni kwenda Kwale.