Kidato kwenye mkaratusi

Asubuhi moja mwaka 2016, katika Maktaba ya Taifa ya Australia mjini Canberra, mhudumu aliniwekea mezani kitabu cha picha kilichochapishwa London mwaka 1813, cha uwindaji wa wenyeji wa New South Wales, mashariki mwa Australia. Nilifunua taratibu hadi kwenye picha ya John Heaviside Clark ya kukwea miti.

Neno lililonijia ni kidato. Si cha shule, bali kile cha asili, pengo linalochongwa kwenye mnazi ili mkwezi atie mguu. Nikaikazia macho picha.

Mkwezi wa pichani huanza akiwa chini: huchonga kidato kimoja upande wa kushoto, kingine juu kidogo upande wa kulia. Kila kimoja hutosha dole gumba la mguu tu. Akishakanyaga, mkono wa kushoto hukumbatia shina, wa kulia huchonga kidato kinachofuata. Wakati wa kujivuta, shoka huchomekwa kwenye mshipi au hubanwa kwa meno. Shoka lenyewe ni jiwe la mto lililonolewa upande mmoja, likazungushiwa fito iliyokunjwa, ikafungwa na kushikizwa kwa utomvu.

Ugumu uko kwenye ule mchongo. Ukiishia kwenye gamba, gamba hubanduka na uzito wote. Ukiinama kwa nje, dole huteleza, hasa mvua ikishanyesha. Kwa hiyo lazima ufike kwenye mti wenyewe na uelekee ndani. Haya yote anayafanya kwa mkono mmoja, akimfuata posamu, mnyama mdogo wa mitini, aliyelala pangoni mwa mti au asali ya nyuki wasiouma. Staha niliyoihisi kwa mtu yule ilinifanya nisifunue ukurasa kwa muda mrefu.

Shina likiwa nene kupita kumbatio, kamba huhitajika. Hapo nilikumbuka mabaharia wa nahodha Mholanzi Abel Tasman, Desemba 1642, huko Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia: waliona vidato vilivyoachana futi 5, wakawaza kwamba huenda wakazi wa kule ni majitu. Hawakuwaona wakwezi. Wanawake wa Tasmania walizungusha shina kwa kamba ndefu mara mbili ya mzingo wake, wakaegemea nyuma, wakachonga kidato, wakairusha kamba juu, wakapanda.