Hinton Waldrist kwa macho mawili

Siku hizi picha ninayoirudia kuliko zote ni ya mzee wa Kiingereza, John Sims, na banda lake la nguruwe. Aliipiga T. R. Williams miaka ya 1850 katika kijiji cha Hinton Waldrist, kusini-magharibi ya Oxford. Ni picha pacha: mbili zimebandikwa kando kwa kando kwenye kadi moja, ya kushoto kwa jicho la kushoto, ya kulia kwa jicho la kulia. Ukizitazama kwa stereoskopu, kile kifaa chenye lenzi mbili, zinaungana na watu wanabanduka kutoka kwenye karatasi.

Williams hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1858 alimpiga picha Malkia Victoria na binti yake siku ya harusi ya binti huyo. Lakini mpiga picha wa wakubwa kama hao alichagua pia kwenda kwa wavunaji na bibi anayesokota uzi, akatoa kadi 59, na nyuma ya kadi akaweka mashairi. Wakati huo wengine walikuwa wakijenga "vijiji" ndani ya studio za mjini na kuwavisha watu nguo za shamba. Hizo hazinigusi hata kidogo.

Mimi napiga picha za harusi, na kabla pilau haijapakuliwa kadi ya kamera imeshajaa. Kwa kolodioni, dawa ya kupigia picha kwenye kioo iliyotumika enzi za Williams, kazi ilikuwa nyingine kabisa. Unamimina dawa kwenye kioo, unakichovya kwenye nitrati ya fedha, unapiga kingali kimelowa, na kukisafisha kabla hakijakauka. Maana yake ukienda shambani unakwenda na chumba cha giza. Isitoshe, wengi walitumia kamera ya lenzi moja: wanapiga, wanaisogeza pembeni kidogo, wanapiga tena. Mtu akigeuza kichwa katikati ya hapo, pacha hazipatani tena. Kwa hiyo wanakijiji wale walitulia tuli kwa hiari yao, na mimi nauona utulivu ule kama mchango wao katika kazi.

Williams hakuandika jina la kijiji. Aliyelisaka ni Brian May, mpiga gitaa wa Queen, kundi la Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 2003 aliweka picha ya kanisa kwenye tovuti yake akauliza ni wapi, na wasomaji wakalitambua.

Kama huna stereoskopu, fungua picha pacha kwenye simu. Iweke usawa wa uso, legeza macho kana kwamba unatazama mbali nyuma yake. Picha mbili zitakuwa tatu. Shikilia ya katikati. Ila zipunguze ukubwa: kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine isizidi sentimita 6.5, takriban nafasi iliyopo kati ya macho ya mtu mzima. Zikiwa kubwa kuliko hapo utaumiza macho bure.