Namba Niliyoifuta

Raba yangu ilikuwa na pande mbili, mwekundu wa penseli na wa buluu wa wino. Ule wa buluu haukuwa ukifuta chochote. Ulikuwa ukikwangua karatasi mpaka maandishi yanabanduka pamoja na ngozi yake. Ndio nilioutumia siku ile, harakaharaka, nimempa mwalimu mgongo.

Tulikuwa kwenye mada ya mawimbi. Tulianza na kamba: mmoja anashika ncha hii, mwingine anatikisa ncha ile, wimbi linakimbia lakini kamba yenyewe haiendi popote. Tukaja kwenye springi, tukaisukuma na kuivuta ili tuone jinsi sauti inavyosafiri hewani kwa kubana na kuachia. Halafu likaja wimbi lisilohitaji kamba, wala springi, wala hewa. Hapo wengi tuliachwa njiani. Wimbi la nini sasa, kama hakuna kinachotikisika? Mwalimu alisema kinachotikisika ni uga wa umeme na uga wa sumaku, zinazopanda na kushuka kwa pamoja, na kwamba mwanga ni mojawapo ya mawimbi hayo, unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Tukaandika. Kuelewa tukakuahirisha.

Mimi niliokolewa na kukariri. Ukutani palikuwa na chati ya spektra ya sumakuumeme, yaani mawimbi hayo yote yamepangwa kuanzia marefu hadi mafupi, na niliweza kuitaja yote nimefumba macho: redio, mikrowevu, infraredi, mwanga uonekanao, ultravioleti, eksirei, gamma. Hata ungenigutusha usingizini ningekwambia kwamba wimbi la mwanga mwekundu lina urefu wa nanomita 700 hivi na la urujuani 400, na kwamba kadiri wimbi linavyofupika ndivyo masafa yake, yaani idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde, inavyoongezeka. Kwenye mtihani mdogo wa wiki iliyotangulia kulikuwa na swali: mnururisho upi unapakana na mwanga mwekundu? Nilijibu infraredi, nikapata alama zote. Msisahau hilo, maana ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Siku ya jaribio mwalimu alikuja na boksi la kadibodi, prizimu, kile kipande cha kioo cha pembetatu kinachogawa mwanga kuwa rangi, na vipimajoto vitatu ambavyo vichwa vyake vya chini vilikuwa vimepakwa masizi ili vinyonye joto vizuri. Ndani ya boksi alitandika karatasi nyeupe. Prizimu aliibana kwenye ukingo wa juu, akaizungushazungusha kwenye jua la dirishani mpaka mkanda wa rangi ukaanguka chini ya boksi, mpana kama vidole viwili, mzuri kiasi kwamba darasa zima lilisimama. Kipimajoto cha kwanza akakilaza kwenye buluu, cha pili kwenye njano. Cha tatu akakiweka nje kabisa ya rangi, kando kidogo ya nyekundu, mahali ambapo karatasi ilikuwa karatasi tu. Hakueleza kwa nini.

Mimi nilipewa hicho cha tatu. Niliona nimeonewa. Wenzangu wanasoma joto la rangi, mimi nasoma joto la mahali pasipo na kitu. Nikajipa jibu kwamba ni cha kulinganishia, cha kuonyesha hali ya kawaida ilivyo, na kwa hiyo hakitasogea.

Jua nalo halitulii. Husogea nyuzi 15 kwa saa, ambayo ni nyuzi moja kila dakika nne, na kila tulipojisahau mkanda wa rangi ulikuwa umeshateleza. Mwenzetu mmoja alipewa kazi ya kusukuma boksi kwa kidole, taratibu, ili kila kipimajoto kibaki mahali pake. Mwanzoni vyote vitatu vilisoma 26. Baada ya dakika chache mwalimu akasema, "Andikeni."

Wa buluu akaandika 28. Wa njano akaandika 29. Mimi nikainama, nikasoma, nikaandika kwa wino kama nilivyofunzwa: 31. Kisha nikaiona namba yenyewe, na moyo ukashtuka.

Nilijishuku mimi kwanza. Huenda nimekipumulia. Huenda nilikigusa wakati wa kukilaza. Nikamshuku mwenye kidole, kwamba kasukuma boksi vibaya na nyekundu imemwagikia kwangu. Nikatazama tena: hapana, kichwa cheusi cha kipimajoto kilikuwa kimelala kwenye weupe mtupu, nyekundu iko kando, haijakigusa. Basi kimeharibika. Haiwezekani giza likawa na joto kuliko mwanga. Nikatoa raba, nikageuza upande wa buluu, nikakwangua. Nikataka kuandika 26, nikaona hapana, 26 imenyooka mno, itashukiwa. Nikaandika 27. Uongo nao una adabu zake.

Mwalimu akaanza kuorodhesha ubaoni. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. "Cha tatu?"

"Ishirini na saba, mwalimu."

Chaki ilibaki hewani. Akaja mezani, hakutazama kipimajoto, akachukua daftari langu, akaunyanyua ukurasa kuelekea dirishani. Mwanga ukapita kwenye katundu kadogo pale nilipokwangua.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Thelathini na moja."

"Ikaenda wapi?"

"Nilidhani nimekosea, mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, wala hakufoka, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Akaniambia nisome tena, kwa sauti. Ilikuwa 31 na nusu. Akawaita wenzangu mmoja mmoja waje wasome wao wenyewe, na kila aliyeinama aliinuka akitazama ile karatasi nyeupe kama vile kuna mdudu aliyejificha chini yake.

Ndipo akatueleza habari za William Herschel, mwanamuziki aliyehamia kwenye elimu ya nyota, yuleyule aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Alikuwa akilitazama jua kupitia vioo vya rangi, akahisi kwamba vingine vinapitisha joto jingi ilhali mwanga ni kidogo. Mwaka 1800 akaupasua mwanga wa jua kwa prizimu ili apime joto la kila rangi, na pembeni, nje ya rangi, akaweka vipimajoto vya kulinganishia. Joto likawa linapanda kutoka urujuani kuelekea nyekundu, na alipopima ng'ambo ya nyekundu, pasipoonekana kitu, likazidi.

"Naye alishangaa kama wewe," mwalimu akaniambia. "Ila hakuwa na raba."

Kisha akauliza kwa upole, "Kinaitwaje hicho kinachopakana na nyekundu?"

Nilitazama chati. Jina lilikuwa palepale, nimelitaja mara mia, nimelipatia alama. Halikuwahi kunipitia akilini kwamba lile neno la ukutani lingeweza kuingia dirishani na kupasha joto kitu kilicho mbele yangu.

Mwenzangu wa njano hakuridhika. Ina maana jua linatoa nguvu nyingi kwenye infraredi kuliko kwenye njano? Ni swali la akili, na jibu lake nimekuja kuliona likirukwa mara nyingi. Mwalimu hakuliruka. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia hapa chini ni infraredi kweli, akasema, lakini prizimu nayo haigawi sawa. Kioo hupinda urujuani zaidi na kuutandaza mahali papana, huku upande wa nyekundu kikiusonganisha. Kipimajoto kilicho upande huo kinapokea mawimbi mengi yaliyorundikana, cha buluu kinapokea yaliyosambazwa. Kwa hiyo tulichopima si jua peke yake. Ni jua pamoja na tabia za kioo.

Kwa kuwa sasa tulishanogewa, tukataka kipimajoto kihamishiwe ng'ambo ya pili, nje ya urujuani. Tukasubiri. Hakikupanda chochote cha maana. Mwalimu alisema Johann Ritter, mwanasayansi wa Kijerumani, alipopata habari za Herschel alikwenda upande huohuo mwaka 1801, ila si kwa kipimajoto. Alitumia kloridi ya fedha, ambayo hubadilika kuwa nyeusi inapopigwa na mwanga, akakuta inawahi kuwa nyeusi zaidi pale nje ya urujuani. Tukaomba tufanye na sisi. Kabati la maabara halikuwa na kloridi ya fedha, na jua lilikuwa limeshaanza kuondoka dirishani.

Nikarudi kwenye daftari kusahihisha. Niliikata 27 kwa mstari mmoja, kama mwalimu alivyoagiza, ibaki inasomeka, na pale nilipokwangua nikaandika tena 31. Ile tatu ilikaa vizuri. Ile moja iliangukia kwenye tundu, ikaandikika ukurasa wa chini.