Umetapeliwa? Usifute Hizo Meseji

Nikikutana na mtu aliyelizwa na matapeli, simuulizi ilikuwaje akaamini. Namuuliza kama meseji bado anazo. Mara nyingi hana. Kazifuta kwa hasira, au kwa aibu, mwenzake asije akazikuta. Kwa miaka niliyokaa kwenye dawati la malalamiko la benki, hili limeniuma kuliko yote, kwa sababu fedha zimeshaondoka na sasa ushahidi nao unaondoka, tena kwa mkono wa mwenyewe.

Aibu hiyo inatokana na dhana kwamba wanaotapeliwa ni wajinga au wenye tamaa. Nimewahudumia walimu, wauguzi, hata wahasibu. Tapeli ni mtu mwenye kazi yake, anaifanya kutwa nzima, na wewe amekukuta una haraka, una mgonjwa au unatafuta ajira. Hadithi hubadilika: leo ni mzigo uliokwama forodhani, kesho ni mchumba wa mtandaoni, keshokutwa ni ofisa wa kodi. Ndani yake utakuta mambo yaleyale. Kuna mkubwa au mpenzi anayeagiza, kuna haraka, kuna malipo ya njia isiyorudi nyuma, kama kadi za zawadi au sarafu za mtandaoni, na kuna siri.

Mimi siri ndiyo huniogopesha zaidi. Alikuja mama mmoja kutoa karibu akiba yake yote. Nilipomuuliza ni za nini, akajibu upesi mno, “Ukarabati wa nyumba,” kama mtu aliyekariri. Mkoba wake ulikuwa wazi juu ya kaunta, na ndani yake simu inawaka, sekunde zinahesabika. Kuna mtu alikuwa hewani anatusikiliza. Nikachukua karatasi nikaandika: “Mama, kuna mtu amekukataza kutuambia ukweli?” Akaisoma, akautazama mkoba, akaisoma tena. Kisha akaitikia kwa kichwa bila kutoa sauti, machozi yanamlengalenga.

Alikuwa ameambiwa kwamba wafanyakazi wa benki ndio wezi, kwa hiyo ahamishie fedha zake kwenye “akaunti salama”. Tafadhali shika hili: benki ikiwa na wasiwasi na akaunti yako, huifunga hapohapo ilipo. Haikutumi wewe uhamishe fedha. Na usiamini namba inayojitokeza kwenye kioo cha simu, maana inaweza kughushiwa ikaonekana ni ya benki yenyewe. Kata, kisha upige wewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Mpigaji akikuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwa meseji, elewa kwamba huenda ameshaingiza jina lako na nywila yako, zimebaki tarakimu hizo tu.

Kuna pia wanaoniambia, “Lakini mara ya kwanza walinilipa.” Charles Ponzi naye alilipa. Mwaka 1920 kule Boston, Marekani, aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na waliotangulia walipewa kutokana na fedha za waliofuata, wakaenda kuwaita ndugu na majirani. Malipo ya kwanza ni chambo.

Sasa ukigundua kwamba umepigwa, usianze kuwasimulia ndugu. Piga simu benki, au kwa kampuni uliyotumia kutuma fedha, dakika hiyohiyo. Fedha zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya mpokeaji zinaweza kuzuiwa. Zikishagawanywa kwenye akaunti nyingine, kuzifuata ni kazi ngumu sana. Kama walikuelekeza kuweka programu fulani kwenye simu, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Halafu nenda polisi, kisha kwa mamlaka inayolinda watumiaji nchini mwako. Tapeli akiwa nchi nyingine, ipo tovuti ya econsumer.gov, iliyoanzishwa mwaka 2001 na mashirika ya kulinda watumiaji ya nchi mbalimbali. Haitakurudishia fedha, ila malalamiko yako yanawafikia wachunguzi wanaoyaweka pamoja na ya wengine.

Barua inayosema “Nimetapeliwa, naomba msaada” nimepokea nyingi, na hakuna pa kuanzia. Andika tarehe na saa, namba iliyokupigia, maneno aliyoyatumia kadiri unavyoyakumbuka, kiasi ulichotuma, jina na namba ya akaunti iliyopokea, na kumbukumbu namba ya muamala. Ambatisha picha za meseji, namba ya mtumaji ikionekana. Mstari mmoja wa namna hiyo ukifanana na wa mtu mwingine asiyekujua, tayari kuna njia ya kufuata.

Kuna wanaosema kuripoti hakusaidii, na siwezi kuwaambia kwamba wanakosea moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2000, Harry Markopolos, mchambuzi wa masuala ya fedha, aliiandikia mara kadhaa SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani, akionyesha kwa hesabu kwamba faida za Bernard Madoff, aliyedai kuwawekezea watu fedha zao, haziwezekani. Hawakumzuia. Madoff alikamatwa Desemba 2008, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Kosa lile lilikuwa la waliopokea taarifa wakazembea, na linanikasirisha hadi leo kwa sababu kila mwaka uliopita uliingiza watu wapya mtegoni. Ndiyo maana nasisitiza: usiondoke ofisini bila namba ya malalamiko yako na jina la aliyeyapokea. Rudi uulize. Wakinyamaza, panda kwa aliye juu yao.

Na baada ya hapo kaa macho, maana orodha za waliotapeliwa huuzwa. Atakupigia mtu mwenye sauti ya upole, atajitambulisha kuwa ni wakili au mpelelezi, atakutajia hadi kiasi ulichopoteza, na atasema fedha zako zimepatikana, bado ada ndogo tu ya kuzitoa. Usilipe. Hifadhi namba yake na meseji zake, uziongeze kwenye malalamiko yaleyale uliyokwisha kufungua.