Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli wa njia ya Gongoni

Kila nikipita daraja la Sabaki, hapa kaskazini ya Malindi ninapokaa, na haya mabegi manne ya baiskeli lazima mtu aniulize mzungu wangu yuko wapi. Sina mzungu. Mimi ni fundi baiskeli, ila sina kibanda kama wenzangu, kazi yangu yote nimeifunga kwenye baiskeli natembea nayo, siku nyingine kaskazini Mambrui mpaka Gongoni, siku nyingine kusini Msabaha na Gede, naketi penye kivuli watu wananiletea. Leo ilikuwa Gongoni nikaona niandike saa kwa saa mjionee.

Saa kumi na moja unusu alfajiri. Nishaswali, nishakunywa chai ya rangi, naanza kufuta baiskeli. Ndio, nafuta kabla sijatoka, kwa sababu huku Malindi hata ikilala ndani chumvi inaifuata. Unaiacha safi usiku, asubuhi ukipitisha kidole kwenye cheni kinarudi na unga mwekundu. Mafuta ya cherehani tone moja moja kila kiungo, halafu nafuta yaliyozidi yote, maana mafuta yakibaki juu yanashika mchanga na mchanga unaisaga cheni vibaya kuliko hiyo kutu. Mara moja moja pia navua kiti na bomba lake, napaka grisi, namwaga oili chakavu kidogo ndani ya fremu nailaza upande huu na huu. Fremu ya chuma pwani inaliwa kutokea ndani, nje utaona rangi inang'aa tu mpaka siku inakatika.

Saa kumi na mbili napakia. Spana, koni, koleo, gololi na kila chenye uzito kinakaa mabegi ya mbele, chini kabisa usawa wa ekseli. Tairi za kukunja, tyubu, cheni na stuli yangu ndogo vinaenda nyuma. Wengi hurundika kila kitu kwenye keria ya nyuma halafu wanalalamika baiskeli inacheza kichwa, yaani usukani unatikisika wenyewe, kwenye mteremko. Ikicheza kichwa na mzigo wa kilo 35 utajua hujui.

Hii baiskeli ni Surly Long Haul Trucker, ya Marekani, imetengenezwa kwa safari ndefu. Niliinunua kwa mzungu aliyemalizia safari yake hapa Malindi akaona usumbufu kuipandisha ndege. Ni ya zamani sasa, na nikiwaambia nimeitumia kila siku ya kazi miaka yote hii watu hudhani naisifia. Nusu ya vitu alivyoniachia nimeshavitoa! Ilikuja na gia 9 nyuma, cheni yake nyembamba mpaka uagize Mombasa au Nairobi usubiri basi, nikatoa, nikaweka gia 7 za baiskeli ya mtumba na pete ya kujazia nafasi, sasa cheni napata hapa hapa mjini. Vijiti vya kubadilishia gia viko mwisho wa usukani na vina upande wa kuzungusha bila kubana namba, kwa hivyo havijali gia ni 9 au 7, unasikiliza tu kwa sikio. Tyubu zake zilikuwa za vali nyembamba, Gongoni nzima hakuna, nikachukua drili nikapanua tundu la rimu likawa la vali nene kama ya gari, nikalainisha kwa tupa ya duara. Kuna kijana mmoja wa hoteli alinitazama nikitoboa akashika kichwa ati naharibu mali. Mali gani nawe, baiskeli isiyopata tyubu ni pambo.

Vilivyobaki ndivyo vya maana. Magurudumu ya inchi 26, saizi ambayo tairi yake iko kila duka linalouza hata msumari. Fremu na keria za chuma, ambazo keria ya nyuma ilikatika mguu na ikachomewa hapo hapo Gongoni na mchomeleaji wa mageti, ingekuwa alumini angeniangalia tu. Na kiti cha ngozi, Brooks B17, kigumu ajabu mwanzoni, kikakubali mwili wangu, sasa siwezi kukalia kingine. Kikilegea kuna nati chini mbele unakaza kidogo, robo mzunguko, usikaze kila siku utapasua ngozi. Mvua ikinyesha nakivisha mfuko kabla sijavaa koti mwenyewe.

Saa moja mahamri na mbaazi kwa mama pale kona, saa moja unusu niko barabarani, mto Sabaki leo mwekundu ina maana bara kumenyesha, Mambrui kabla ya saa tatu. Mambrui pancha tu na breki za waya, mwalimu wa madrasa, watoto, mama wa samaki, shilingi hamsini hamsini kila mmoja. Mbigili msimu huu zimezidi.

Saa nne Gongoni, chini ya mwarobaini, stuli, turubai, kazi. Na hapa ndipo siku yangu ilipokwenda.

Akaja mzee mmoja muuza madafu na gurudumu la nyuma la blakmamba, zile baiskeli nzito za mizigo, mkononi, baiskeli yenyewe kaiegemeza ukutani na shehena yake yote ya madafu juu, sijui aliivuaje peke yake. Spoku tano zimekatika, zote upande wa friwili, ile gia ya nyuma inayoshika cheni, ndio kawaida, upande ule ndio unavutwa na cheni. Nikamwambia mzee hii friwili lazima itoke ndio spoku mpya zipite, na friwili iliyokanyagwa na mzigo kama wako inajikaza yenyewe kila ukipiga pedeli, kwa hivyo nipe nafasi. Akasema haina haja, yeye ana haraka, na spoku amekuja nazo mwenyewe.

Akatoa kwenye karatasi. Spoku za inchi 26!

Nikamwambia mzee hizi fupi, hii yako ni rimu ya 28. Akasema spoku ni spoku. Nikaichukua moja nikaiweka pale kwenye habu, kitovu cha gurudumu, nikaivuta mpaka inapoishia, imebaki vidole viwili kufika rimu. Akaangalia, akasema vuta. Wallahi alisema vuta. Mzee wangu chuma hakivutwi. Akapiga simu kwa ndugu yake ambaye ni fundi Mombasa, akaniwekea sikioni, ndugu hata hajaliona gurudumu ananiambia niunganishe spoku mbili mbili kwa kuzikunja. Wakati huo wazee wa baraza ya jirani wameshasogea na vikombe vya kahawa, mmoja anaunga mkono ndugu, mmoja anasema zamani blakmamba hazikuwa zinakatika spoku, mwingine anauliza hii baiskeli ya fundi ni shilingi ngapi.

Mwishowe akakubali nitumie zangu, shilingi ishirini moja, na kazi mia mbili. Jumla mia tatu. Akaiangalia baiskeli yangu juu mpaka chini, akasema, "Fundi, wewe una baiskeli ya laki, mia tatu za mimi muuza madafu za nini?"

Hilo swali ndilo linanichosha kuliko jua. Mwenye kibanda cha mabati hakuna anayemuuliza bati alinunua ngapi. Mimi nikibeba kibanda changu kwa miguu yangu basi ni tajiri, nimeletwa na mradi, nafanya kwa kujitolea. Kuna mama aliwahi kunifungia foleni watu wa mtaa wake akidhani natoa bure. Nikamwambia mzee hiyo laki ndiyo imekuletea fundi mpaka mlangoni, la sivyo ungepandisha gurudumu matatu mpaka Malindi. Akanyamaza, lakini ule unyamazaji wa mtu anayehesabu.

Friwili sasa. Sina meza ya kubania, kwa hivyo naingiza kifungulio kwenye meno yake, nakibana na nati ya ekseli kisiruke, halafu spana na kipande cha paipu ya maji kuongezea urefu, mguu mmoja juu ya rimu, navuta. Haikutoka. Mafuta ya taa, subiri. Haikutoka. Mzee anatazama saa ananiambia madafu yanapata jua. Wazee wa baraza wawili wakashika gurudumu, mimi nikaning'inia kwenye paipu mzima mzima, ikalia kwa sauti mtu akadhani rimu imepasuka, ikatoka. Ikawa rahisi kutoka hapo, rimu ya nyuma ya blakmamba ina spoku 40, tano mpya zikaingia, nikageuza gurudumu nikainyoosha kwa jicho nikishika kijiti karibu na rimu, kaza huku, legeza kule, isiyumbe. Kazi hii siifanyi haraka hata kwa nani. Spoku nyingine zikiachwa legelege hizo mpya tano zinabeba kila kitu na wiki ijayo tumerudi hapa.

Akafunga gurudumu, akapanda na madafu yake, mita kumi, ting. Ting ting. Akashuka. "Umezivunja!" Hazijavunjika, spoku mpya zikikazwa zinajisokota kidogo, ukiipandia uzito mara ya kwanza zinajifungua zinalia, basi. Mimi huzibana bana kwa mkono mbili mbili kabla sijatoa gurudumu ili zilie mikononi mwangu, na hizi nilizibana, lakini kwa mzigo ule ziko ambazo zitalia tu. Muelezee mtu hilo mbele ya baraza. Nilizunguka naye gurudumu lote, moja moja, ishike mzee, imekatika hii? hii je? mpaka arobaini. Aliposhika ya mwisho akasema haya, akatoa mia na hamsini, nyingine atatuma kwa simu.

Sikuitazama saa tena baada ya hapo. Foleni ilikuwa imejaa, mtoto na baiskeli isiyo na breki kabisa, jamaa wa kiwanda cha chumvi ambaye kila kitu chake kimeshikana na kutu mpaka pedeli, na pedeli ya kushoto inafunguka kinyume na yeye alikuwa ameshaikaza wiki nzima akidhani anafungua. Chakula sijui nilikula saa ngapi, wali na samaki nikiwa nimeshika spana.

Kurudi ndio kazi yenyewe. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, asubuhi unasukumwa kwenda kaskazini unajiona kijana, jioni unakuja nao usoni kilomita ishirini na kitu, na mabegi manne yanakamata upepo kama tanga lililofungwa kinyume. Gia ya mbele ndogo kabisa, ya meno 26, ya nyuma kubwa, kwenye barabara iliyonyooka tambarare! Malori yanapita yanakuvuta ndani halafu yanakusukuma nje. Usukani uliopinda kwenda chini ndio napoupendea hapo, unashika chini mgongo unalala upepo unapita juu, watu wanasema ni wa mashindano, ni wa kusi ule. Magoti yanauma la kulia zaidi. Kuna kipande baada ya Mambrui nilishuka nikasukuma, si kwa kilima, kilima hakuna, nilichoka tu.

Giza lilinikuta kabla ya Sabaki. Taa yangu inawaka kwa dinamo iliyo ndani ya habu ya mbele, volti 6, wati 3, haina betri ya kuisha na hiyo nasema wazi ni kifaa bora kuliko vyote baada ya fremu. Mzungu aliniachia na kidude cha kuchajia simu kwa dinamo hiyo hiyo. Kwa mwendo wake yeye labda. Kwa mwendo wangu na mzigo na kusi simu inaanza kuchaji inakata, inaanza inakata, nilikiuza.

Nyumbani nikaoga, nikapima cheni kwa rula ya shule ya mwanangu. Kutoka pini moja mpaka ya 24 baada yake lazima iwe inchi 12 sawasawa. Ikizidi moja ya kumi na sita unabadilisha cheni, ukisubiri izidi moja ya nane unabadilisha na gia za nyuma pia, hapo ndipo pesa zinakwenda. Yangu imezidi kidogo. Jumamosi nabadilisha.

Mke wangu akaniuliza leo vipi nikamwambia madafu, akacheka, ashanizoea.

Saa tatu simu ikaita, ni yule mzee. Anataka kujua Alhamisi nitakuwepo, gurudumu la mbele nalo linayumba. Nikamwambia nitakuwepo inshallah, aje na ile mia na hamsini, na spoku asinunue, ninazo.