Avensis ya Uingereza au ya Japani? Nilivyochagua yangu hapa Tanga

Kwa pesa niliyokuwa nayo nilipata Toyota Avensis mbili za kuchagua, zote za toleo lililoanza 2003, bei zikikaribiana. Moja iliingia nchini kutoka Uingereza, nyingine kutoka Japani. Dalali akaniambia, "Kaka, gari ni lile lile, chukua linalong'aa." Hakudanganya sana. Zote ziliundwa kiwanda kimoja, Burnaston kule Uingereza, na za Japani zilipakiwa melini. Yaani Mjapani naye alikuwa anaagiza Toyota kutoka nje! Ila kila soko lilipewa injini zake, na hapo ndipo palipo na kazi.

Ya Japani ilikuwa na injini ya lita 2.0 ya aina ya D-4, ambayo pampu ya presha kubwa hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikiwa nzima inavuta vizuri mno. Lakini fundi wangu wa Ngamiani alikuwa amefungua injini ya aina hiyo, akaniita nione: vali za kuingiza hewa zimeganda masizi meusi, magumu, anayakwangua kwa bisibisi. Petroli haipiti kwenye vali hizo, kwa hiyo hakuna kinachoziosha.

Ya Uingereza ilikuwa na injini ya lita 1.8 iitwayo 1ZZ-FE, ile ile iliyomo kwenye Toyota Premio na Allion za 1.8 za toleo la kwanza. Premio zimejaa mji mzima, spea zake unazipata kwa miguu. Nikaanza kuegemea huko.

Tatizo ni kwamba 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, ringi za pistoni zikiziba. Nikamwomba mwenye gari twende nalo Lushoto, kule milimani, na kurudi, mafuta juu yangu. Fundi alijaza oili mpaka alama ya juu kabla hatujaondoka. Tuliporudi, injini ilipopoa, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: oili imeshuka kiduchu tu. Nyuma hakukuwa na moshi wa buluu, ambao ni dalili ya oili inayoungua. Na kule kuteremka kutoka Soni kuja Mombo, gia ya pili ililishika gari hata breki hazikunuka. Mke wangu alitaka otomatiki kama ile ya Japani. Nikamwambia kwenye milima hiyo atanishukuru. Bado hajanishukuru.

Sasa kwenye dashibodi. Ilisoma 92,000, na dalali akawa anaitangaza kama kilomita. Gari la Uingereza linahesabu maili! Zidisha kwa 1.6 unapata kama kilomita 147,000. Nilimfanyia hesabu hiyo mbele ya mwenye gari, na bei ikateremka bila maneno mengi.

Kingine cha kuangalia kwa gari la Uingereza ni chini. Kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na sisi huku tuna hewa ya bahari, kwa hiyo kutu ikishaanza haipumziki. Fundi alilala chini akagonga chasisi yote kwa nyundo ndogo, akisikiliza mlio. Kutu tuliyoikuta ilikuwa ya juu juu, kwenye vishikio vya ekzosi. Akasugua, akapaka rangi.

Redio nayo: ya Japani inaishia FM 90 hivi, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka uongezewe kifaa. Ya Uingereza inashika zote. Taa za mbele, ambazo hulengwa kulingana na upande wa barabara, hazikunisumbua, maana Uingereza, Japani na sisi wote tunaendesha kushoto.

Nikachukua ya Uingereza. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, ambazo kwenye dashibodi yangu ni maili 3,100. Nimeiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti, ili fundi mwingine akilishika gari asije akasubiri zifike 5,000.