Siku moja kwenye dawati la ununuzi, kiwanda cha mabegi

Saa 1:00 asubuhi. Nafika kabla cherehani hazijaanza kulia. Nahesabu majora ya nailoni stoo. Mawili yamelowa pembeni. Naandika, naendelea.

Saa 2:30. Kikao cha mauzo. Wanataka lebo kubwa: "Imetengenezwa nchini." Nauliza, kilichotengenezwa nchini ni kipi? Kukata na kushona ni kwetu, sawa. Nailoni, zipu na vibano vya plastiki vyote vimepanda meli. Marekani huruhusiwi kuandika hivyo bila maelezo mpaka bidhaa iwe yote, au karibu yote, imetoka humo humo. Napendekeza "Imeshonwa nchini." Wananiona nimewaharibia asubuhi.

Saa 4:00. Zipu. Sampuli mpya zinakwama katikati. Zamani ningempigia mtengenezaji wetu, angekuja na boksi jingine kabla ya jua kuzama. Amefunga miaka mitatu sasa. Watu husema ushindani wa nje ndio uliomuua, na ni kweli, ila ushindani huo ulikuwa na saini, na mojawapo ni yangu. Nilihamisha nusu ya oda kwa sababu ya senti chache kwa kila zipu. Wateja wake wengine wakafanya vivyo hivyo. Nusu iliyobaki haikutosha kulipia hata umeme wa mashine zake. Leo nikitaka kurudi kununua nyumbani, hakuna wa kurudia kwake. Mafundi wake wametawanyika, mashine zimeuzwa kama chuma chakavu. Natuma malalamiko ng'ambo, nasubiri huko kupambazuke.

Saa 7:00. Chakula, haraka.

Saa 8:00. Mhasibu ananionyesha hesabu za kuhamishia ushonaji nje. Zimekaa vizuri, siwezi kusema hapana. Tangu 1956, meli ya Ideal X ilipobeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, Marekani, mwanzo wa biashara ya makontena, nauli ya meli imekuwa ikizidi kuwa jambo dogo kwa bidhaa kama zetu. Nauliza kuhusu 2021, meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Anasema hiyo ni ajali, haiwekwi kwenye bajeti. Nauliza tena: fundi anayegundua zipu mbovu kwa kuisikia tu, yeye amewekwa safu gani? Yuko kwenye mishahara, ananijibu, upande wa gharama.

Saa 11:30 jioni. Mlangoni nakutana na fundi huyo huyo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia cherehani zinasafiri."

"Bado hawajaamua. Kikao ni Alhamisi."

Anautazama mkoba begani mwangu, anaushika mshono kwa vidole viwili kama anavyofanya kwenye ukaguzi. Haukushonwa hapa, na anajua.

"Mzuri," anasema. "Uliupata rahisi?"

Namwambia ndiyo.